Weusi Usiotoka kwa Ndimu

Nyinyi mnaoingia jikoni siku hizi mikono ikiwa ndani ya glavu, nisikilizeni kidogo. Glavu ni kitu kizuri, sikatai. Lakini tangu zije, hakuna anayezitazama kucha zenu. Mimi nilizitazama kucha za watu miaka ishirini na mitatu, kila asubuhi kabla ya jiko kuwashwa, katika hoteli moja ya Diani ambayo jina lake nitaliacha hukohuko ufukweni.

Niliingia pale nikisugua sufuria. Nilitoka nikiwa mkubwa wa wasugua sufuria wote, na usafi wa jiko zima ukiwa mabegani mwangu. Darasa la tatu sikulimaliza. Barua za ofisi aliziandika karani, mimi nikatia sahihi yangu, herufi mbili na mkia. Lakini wenye vyeti walikuja wakaondoka, na hakuna hata mmoja aliyenishinda kuujua uchafu. Waliniita Bakari Kucha. Sikukasirika. Mtu akipewa jina la kazi yake, ameheshimiwa.

Ninyi hamkufundishwa, basi nawafundisha bure. Mkono hauanzi kutazamwa kwenye kiganja. Anza na kidole gumba cha kulia, kwa kuwa hicho kinaoshwa na mkono mvivu, ule wa kushoto. Mtu akinawa kwa haraka, hapo ndipo uchafu unapobaki. Bizari ikishika kucha, usikimbilie sabuni, maana sabuni huigeuza ikawa nyekundu kama umechinja. Paka mafuta ya kupikia kwanza, futa, ndipo uoshe. Masizi hukaa chini ya ncha, hutolewa kwa kijiti. Na korosho! Sisi watu wa Munje na Msambweni tunaijua. Ukikaa nyumbani kubangua korosho, yale mafuta ya ganda hukuunguza vidole vikawa vyeusi, na weusi ule hausikii sabuni wala ndimu. Unangoja ngozi ibambuke yenyewe. Kwa hiyo mimi nilikuwa na sheria yangu: mbangua korosho hagusi chakula cha mgeni mpaka vidole vipone.

Sheria nzuri. Ndiyo iliyonitia aibu.

Tulikuwa na mwoka mikate, mama mmoja wa Kikamba kutoka Kitui, jina lake Kasyoka. Alipanga chumba Ukunda pamoja na wanawe wawili waliokuwa shuleni. Nitasema wazi, kwa kuwa wengine hawapendi kulisema: sijamwona mwoka mikate kama yeye, wa bara wala wa pwani. Unga ulimsikia. Alikuwa hatumii mizani. Alichota, akaupima kwa uzito wa kiganja, akamimina maji, na donge likatoka lilelile kila siku. Siku ya unyevu, mikate ya wenzake ikilala kama makombe, yake ilisimama. Aliingia kazini mapema kuliko wote, na nilidhani ni bidii tu. Sababu nilikuja kuijua baadaye.

Basi mwaka ule, baada ya zile mvua za Elnino, kazi ilikuwa imekonda. Fujo za Likoni zilikwisha kuwafukuza wageni, vyumba vitupu, na ofisi inatafuta kisababu cha kumpunguza mtu. Barua tatu za onyo, unakwenda kwenu. Watu walikuwa wanatembea kwa ncha za vidole.

Asubuhi moja nimewapanga mstari, nafika kwa Kasyoka. Ananyoosha mikono. Kucha zake zina rangi ya bluu iliyokufa, rangi ya wingu la mvua, zote kumi.

"Nini hii?"

"Ni kucha, Mzee."

Mstari mzima ukacheka. Mimi sikucheka.

"Umekuwa ukibangua korosho."

"Korosho? Mimi? Mzee, mimi korosho naijua ikiwa kwa pakiti."

"Usinichezee. Nimezaliwa ndani ya korosho."

"Mzee Bakari, nimenawa mara tatu. Haki ya Mungu."

"Utanawa mara ya nne."

Nikamkatia ndimu mwenyewe. Nikampa na jivu. Weusi haukutoka. Nikampa ule waya wa kusugulia sufuria. Alisugua amesimama kimya mbele yangu, mpaka damu ikatoka pembeni ya kidole cha shahada, na kucha zilikuwa zilezile. Hapo mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi nilikwenda kwa karani nikatia sahihi barua ya kwanza. Baada ya wiki moja, rangi ikiwa palepale, nikatia sahihi ya pili.

Jiko nalo halinyamazi. Mmoja akasema amerogwa na wenye wivu, maana donge lake lilikuwa linaumuka mno. Mwingine akataja ule ugonjwa ambao siku zile watu waliutaja kwa kushusha sauti. Waliokuwa wakigombania maganda ya mikate yake wakaanza kuyapita. Na yeye aliendelea kuja mapema, shikamoo yake ileile, mgongo wima.

Nyumbani nilijisifu. Mke wangu, Mama Riziki, alikuwa mpakaji wa hina, na maharusi wa Ukunda hadi Munje walimjua. Alikuwa anachuja hina kwenye kitambaa, mimi nampigia hadithi ya mwoka mikate wangu mwenye kucha za wingu, jinsi nilivyombana.

Akaniuliza bila kuinua uso, "Weusi uko juu ya ukucha, au ndani ya ukucha, au chini ya ukucha?"

"Weusi ni weusi."

"Baba Riziki, wewe unajua sufuria. Sufuria haioti. Ukucha unaota." Akaendelea kuchuja. "Umemtoa mtu damu na hujui hata unachokisugua. Mlete."

"Nimlete hapa? Mtu niliyempa barua mbili?"

"Basi mimi nitakwenda kwake, nijitambulishe: mimi ni mke wa yule mzee wa waya."

Nikamleta, siku yake ya mapumziko. Alikuja amevaa gauni la kanisani, amekaa kwenye ncha ya kiti kama mtu aliyeitwa kituoni. Mama Riziki alimpa chai kwanza. Kisha akamshika mkono, akauelekeza kwenye mwanga wa dirisha, akaubonyeza ukucha mmoja, akauachia, akautazama kwa ubavu. Miaka yote ile nilikuwa nazitazama kucha kutoka juu. Yeye alizitazama kwa ubavu.

"Mwanangu, hina unaijua?"

"Nawaona nayo tu, Mama. Sisi kwetu hatupaki. Na mimi ni wa kanisa."

"Hina haina dini, ni majani. Sikupambi. Nakuwekea nukta moja moja, karibu na mzizi wa ukucha, basi."

"Itasaidia nini?"

Nisikilizeni alivyomjibu, maana maneno haya sikuyapata kwa meneja yeyote. "Rangi iliyoshika ukucha husafiri nao. Bibi harusi nikimpaka leo, mwezi ujao mzizini panatoka ukucha mweupe na hina imesogea mbele. Haina namna ya kubaki nyuma. Sasa, kama weusi wako ni korosho au uchafu au rangi ya dukani, nukta yangu na weusi wako vitasogea pamoja, na huku nyuma patatoka peupe. Lakini kama nukta itasogea na weusi usisogee, basi weusi hauko kwenye ukucha kabisa. Uko chini, kwenye nyama. Na kilichoko kwenye nyama kimetoka ndani. Hakuna waya unaofika huko."

Akaweka nukta kumi, akafunga vidole kwa vitambaa, wakasubiri hina ishike. Wakiwa wanasubiri akamuuliza taratibu, "Kinachotoka ndani kimeingia ndani. Unatumia nini, mwanangu?"

Kasyoka akatazama mlango. "Situmii kitu, Mama."

Mama Riziki hakumwuliza tena. Wakati wa kumsindikiza aliniambia tu, "Wiki tatu. Barua ya tatu usiiguse."

Nyinyi mnadhani ni rahisi, kwenda kwa meneja na habari kama hiyo? Nilisimama mbele ya meza yake na kofia mkononi.

"Mzee Bakari, barua ya tatu iko wapi?"

"Naomba wiki tatu, bwana."

"Za nini?"

"Za ukucha kuota."

Alicheka mpaka karani akachungulia mlangoni. Kisha akaacha kucheka. "Sawa. Lakini sitaki vidole vile kwenye mkate wa mgeni. Mtoe kwenye unga, mpeleke kwenye sufuria. Na kama wiki tatu zikipita bila jibu, barua iwe mezani."

Basi Kasyoka akaja kwangu, kwenye sinki, kwenye maji baridi. Siku ya nne niliona jambo. Aliinua sufuria ya supu kwa viganja vya mikono, si kwa vidole. Nikamwangalia vidole: vimevimba kwenye viungo kama tangawizi. Alijaribu kukunja ngumi ikakataa nusu njia. Sufuria ikamponyoka, ikalia sakafuni, na watu wakageuka.

"Tokeni hapa," nikawaambia. "Hamjawahi kuona sufuria ikianguka?"

Tukabaki wawili. Nikamgeuzia ndoo, akakaa. Hakulia. Alinitazama tu, akasema, "Sasa umeona, Mzee. Andika barua yako."

"Nimeona nini?"

"Baridi yabisi. Mwaka wa sita huu." Akatoa kwenye mfuko wa aproni karatasi iliyokunjwa, ndani yake vidonge vyeupe. Nilivijua hata kabla sijavionja. Klorokwini, zile chungu za malaria, ambazo mimi nikimeza moja najikuna mpaka jioni.

"Hizi ni za homa."

"Ni za homa. Lakini kuna daktari huko nyumbani aliniambia zinatuliza viungo pia, nikizinywa kila siku. Mimi haziniwashi. Nilipohamia huku nikawa nanunua mwenyewe dukani Ukunda. Bila hizo, Mzee, siwezi kufunga hata kifungo."

Nikaelewa kwa nini alikuwa anakuja mapema. Vidole vyake asubuhi vilikuwa vigumu kama vijiti. Alikuwa anakuja kuvikanda kwenye unga wa vuguvugu kabla ya watu kufika, mpaka vilegee. Ile mikate tuliyokuwa tunaisifu, alikuwa anaioka kwa mikono inayouma, na hakuna aliyewahi kumsikia akisema aa.

"Kwa nini hukusema? Nimekutoa damu!"

"Ningesema nini? Mwoka mikate mgonjwa wa vidole? Siku ileile ningekuwa kwenye basi la Kitui. Afadhali museme mimi ni mchafu. Mchafu anaweza kunawa."

Vijana wangu, nimekutana na watu hodari. Nimewaona wavuvi wa Shimoni wakibeba papa, nimemwona mpishi akizima moto wa mafuta kwa kifuniko huku uso wake ukiungua. Lakini sijaona ushujaa kama wa mama yule aliyechagua kuitwa mchafu mbele ya watu, asubuhi baada ya asubuhi, akaendelea kunyoosha mikono.

Nikamtoa kwenye maji baridi, nikampa kazi ya kupanga vijiko. Watu wakasema Bakari amelegea. Wakasema.

Wiki tatu zikatimia. Mama Riziki akaja mwenyewe mpaka geti la wafanyakazi, na buibui lake, na mlinzi akajaribu kumuuliza kitambulisho. Sitasimulia alichojibiwa. Akamshika Kasyoka mikono palepale juani, akaitazama kwa ubavu, kisha akaniita. "Njoo uone, mjuzi wa uchafu."

Nukta za hina zilikuwa zimeuacha mzizi, kumi zote, zimepanda kama watu wanaopanda ngazi. Na bluu ile ilikuwa palepale, haijasogea hata upana wa uzi, imetanda chini ya ukucha wote, mbele ya nukta na nyuma ya nukta.

Nikajua kwamba nilikuwa nimemsugua binadamu nyama yake.

Tukaenda kwa meneja, mimi na Kasyoka. Njiani nikamwambia, "Mimi nitasema si uchafu. La dawa ni lako. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, nami nitanyamaza."

Nikaingia, nikamwambia aweke mikono kwenye kile kitambaa cheupe cha meza. Nikamweleza meneja habari ya nukta, kama nilivyoelezwa, na mwisho nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema ndani ya ofisi ile: "Nimekosea. Barua zile mbili ni uongo wenye sahihi yangu. Naomba zichanwe."

Meneja akaiinamia ile mikono muda mrefu. "Kama si uchafu, ni nini? Wageni wataniuliza. Ni ugonjwa wa kuambukiza?"

Nilimsikia Kasyoka akivuta pumzi. Akaitoa ile karatasi ya vidonge, akaiweka katikati ya mikono yake.

"Ni dawa, bwana. Nadhani ni hii, sijui nyingine. Nina baridi yabisi, nimeinywa miaka sita. Haiambukizi. Viungo vinauma, ni kweli. Sasa niambie wewe: katika miaka minne niliyokuwa hapa, ni asubuhi gani mkate ulikosekana mezani?"

Nilimtazama meneja akitafuta hiyo asubuhi, na hakuipata.

"Niletee barua ya daktari," akasema. "Akisema ni dawa, rudi kwenye unga."

Alikwenda hospitali ya Msambweni kesho yake. Daktari mmoja kijana akaziangalia kucha, akaviangalia vidonge, akasema ndiyo, dawa hii ikikaa mwilini miaka mingi huweza kutia kucha rangi namna hiyo, na rangi yenyewe haidhuru kitu. Kisha akamuuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza dukani: "Nani anakupima macho?"

Hakuna. Miaka sita hakuna. Daktari akamwambia dawa hiyohiyo, ikinywewa muda mrefu bila kuangaliwa, huweza kuyala macho kimyakimya, na yakishaliwa hayarudi. Alipimwa. Yalikuwa bado mazima. Akabadilishiwa dawa, akaonywa asinunue tena kwa kukisia, akaandikiwa barua.

Kwa hiyo nawaambia, na hili mlishike kuliko habari za bizari: mtu akiwa anameza kidonge kila siku mwaka baada ya mwaka, na kucha zake zikaanza kubadilika, asikimbilie ndimu, na asiache dawa kwa hofu. Aende akazionyeshe kwa aliyesoma. Kucha zinaweza kuwa zinamwita kwa jambo lililo mbali na kucha.

Bluu ile haikuondoka mara moja. Ilififia polepole, miezi mingi, na kwenye kucha nyingine haikuisha kabisa. Mama Riziki alitaka kumpaka hina aifunike, Kasyoka akakataa. "Wacha waone, Mama. Wameshaitia majina yote."

Siku aliyorudi kwenye unga, barua ya daktari ikiwa imebandikwa ofisini na zile zangu mbili zimechanwa, niliwapanga mstari kama kawaida. Jiko zima linanitazama. Nikafika kwake. Akanyoosha mikono, nikaitazama kwa ubavu, kama nilivyofundishwa.

"Safi," nikasema kwa sauti ili wasikie wote.

Hakuirudisha mikono yake. Aliigeuza, viganja juu, kama mtu anayengoja kupewa kitu.

"Na zako, Mzee?"

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikasikia mtu nyuma akikohoa kuficha kicheko. Nikanyoosha mikono yangu juu ya viganja vyake, mimi Bakari Kucha. Aliinama, akachukua muda wake, kidole kimoja kimoja, akianzia pale panapotakiwa kuanziwa.

"Kidole gumba cha kulia," akasema. "Masizi. Nenda ukanawe, Mzee, ndipo uje utukague."

Nikaenda nikanawa. Na tangu asubuhi ile mpaka nilipostaafu nikarudisha funguo za ghala, mikono ya kwanza kukaguliwa jikoni mwetu ilikuwa yangu, na mkaguzi wake alikuwa mwoka mikate.